Nusu ya Chini ya Jiwe la Benedikto

Kwetu Misheni, huku Mpimbwe, mtu akikuuliza wewe ni nani hataki jina lako. Anataka kujua babu yako amelala wapi. Ukimwonyesha kaburi, mazungumzo yanaendelea. Ukikosa kaburi la kumwonyesha wewe ni mgeni, hata kama ulizaliwa hapa na meno yako yameanza kung'oka hapa.

Mama Pelagia hakuwahi kukosa. Babu yake, Benedikto, alikuwa katekista wa kwanza wa parokia yetu, na jiwe lake lilikuwa mstari wa mbele kabisa makaburini, jirani na mapadre. Jiwe lenyewe lilikuwa la kijivu, limeinama kidogo, na kwa miaka mingi lilikuwa limezama. Juu ya ardhi yalikuwa yamebaki maneno mawili tu: BENEDIKTO KATEKISTA. Mengine yalikuwa yamemezwa na udongo.

Pelagia aliyajua hayo mengine ingawa hajawahi kuyaona. Baba yake, marehemu mzee Eustace, alimwambia tangu akiwa mtoto: "Chini pale pameandikwa Benedikto alikuwa mwana wa nani. Na huyo nani alikuwa mwene." Mwene, kwa kwetu, ndiye mtawala wa zamani, mwenye nchi. Kwa hiyo Pelagia alikuwa mjukuu wa katekista na kitukuu wa mwene, na kwa vyeo hivyo viwili alikaa benchi la mbele kanisani, akasema wa kwanza kwenye misiba, na akatuamulia nani ni mwenyeji na nani amekuja juzi.

Waliokuja juzi walikuwa wengi. Wasukuma walianza kushuka na ng'ombe wao tangu miaka ya themanini, na kufika mwaka tisini na sita, mwaka wa kisa hiki, mbuga yote ya kusini ilikuwa na vumbi la kwato. Pelagia aliwaona kila asubuhi akienda shambani kwake kwenye mpunga, na kila asubuhi alisema neno lilelile: "Watu wasio na makaburi."

Alikuwa mjane, mwenye watoto wawili wa kiume waliohamia Mpanda mjini na binti mmoja aliyebaki naye, Goreth. Goreth alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, chini ya bati, mbele ya watu wote, na ndiyo maana kila mtu aliona kilichotokea isipokuwa mama yake.

Kilianza na shati. Kijana wa Kisukuma aitwaye Malale, mtoto wa mzee Ngolo wa mbugani, alileta shati lililokatika kifungo. Wiki iliyofuata lilikatika kingine. Nadhani shati lile lilipoteza vifungo vingi kuliko shati lolote katika wilaya ya Mpanda, na Goreth hakuonekana kuchoka kuvirudisha. Vifungo vilipokwisha, Malale alianza kuleta magunia, na magunia yalipokwisha akaja mikono mitupu akakaa tu kwenye kigoda, akimsomea Goreth katekisimu. Alikuwa ameanza mafundisho ya ubatizo. Katekista wetu wa sasa alisema hajawahi kupata mwanafunzi mwenye bidii namna ile, wala anayeuliza mara nyingi hivyo kuhusu sakramenti ya ndoa.

Basi siku mzee Ngolo alipotuma mshenga, Pelagia hakuweza kusema kijana ni mpagani. Hakuweza kusema ni mvivu, maana alikuwa amewalimia nusu ya kijiji kwa plau yake. Hakuweza kusema ni mlevi. Alibaki na sababu moja, na hiyo alikuwa nayo siku zote.

Ngolo alikuja mwenyewe safari ya pili, pamoja na mkewe Minza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, na alivua kofia kabla hajafika uani. Kwa upande wetu alikaa Telesphor, mdogo wake Pelagia, kama mjomba wa binti. Telesphor alikuwa na desturi ya kukubaliana na dada yake kabla hajasikia anasema nini.

"Mayu," Ngolo alianza, akimwita mama kwa heshima ya kwao, "tumekuja kuomba."

"Karibuni," Pelagia akajibu. "Lakini niwaambie mapema msije mkapoteza muda. Mimi sina ugomvi na nyie. Ila binti huyu ana mizizi. Babu yangu ndiye aliyewafundisha watu wa hapa kusali. Baba wa babu yangu alikuwa mwene. Sasa nikimpa mtu ambaye kesho malisho yakiisha anahama na ng'ombe wake, nitamwambia nini babu?"

"Kweli kabisa," alisema Telesphor.

Ngolo hakukasirika. Alifikiri, akasema, "Mayu, unachosema ni haki. Hata sisi hatuozi mtoto bila kujua ukoo. Ungenionyesha huyo mzee ningefurahi. Nimsalimie, nijue naomba kwa nani."

Pelagia alimtazama kuona kama anadhihaki. Hakudhihaki. Na hapo ndipo wazo lilipomjia, wazo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulipata.

"Nitakuonyesha," alisema. "Tena nitakuonyesha jiwe lote, mpaka chini, usome mwenyewe. Ukishasoma, najua hutarudi kuomba."

*

Jumamosi yake tulikwenda makaburini kama tunakwenda sikukuu. Pelagia alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. Telesphor alibeba jembe na sururu. Goreth na Malale walisimama mbalimbali, kila mmoja upande wa wazazi wake, wakitazama chini. Bibi Tereza, mzee kuliko sisi wote, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kaburi la padre mmoja, fimbo magotini, akitafuna ugoro. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa haachi kuhudhuria jambo lolote linalohusu udongo.

Telesphor alichimba kwa uangalifu mbele ya jiwe. Udongo ulikuwa mgumu kwa kiangazi. Alipofika kina cha mkono alimwaga maji, akasugua kwa gunzi la hindi, na herufi zikaanza kuonekana moja moja.

"Soma kwa sauti," Pelagia aliamuru. "Wasikie wote."

Telesphor alipiga magoti, akafuata herufi kwa kidole. "Benedikto. Katekista. Wa kwanza."

"Hilo tunalijua. Endelea."

"A-li-ye-i-twa... aliyeitwa Ngolo."

Watu walimtazama mzee Ngolo, na yeye akatazama jiwe.

"Ni jina lake la kabla ya ubatizo," Pelagia alisema haraka. "Wazee wote walikuwa nalo. Endelea pale penye mwene."

"Ng... Ngwa... Ngwana. Ngwana Malale."

"Umeona!" Pelagia alipiga makofi. "Mwana! Mzungu aliyechonga hakujua kuandika, lakini ni mwana! Mwana wa Malale. Basi huyo Malale ndiye mwene mwenyewe! Malale!"

Alilitamka jina hilo mara tatu kwa fahari, akiwageukia watu wote, na ya nne likamkwama, kwa sababu macho yake yalikuwa yameangukia kwa kijana mwenye shati la vifungo vipya.

Ngolo alikuwa ameketi chini kwenye vumbi.

"Ng'wana Malale," alisema, kwa namna linavyotamkwa kwao. "Mayu, hilo si kosa la Mzungu. Hicho ni Kisukuma."

"Kuna mstari mwingine," akasema Telesphor, ambaye siku ile pekee katika maisha yake hakungoja kibali cha dada yake. "Msukuma. Aliachwa na msafara akiwa mgonjwa. Akapona. Akabaki."

Hakuna aliyecheka wakati ule. Tulicheka baadaye, nyumbani, milango ikiwa imefungwa.

Ngolo alisimulia akiwa palepale chini. Babu yake aliitwa Maduhu, mwana wa Malale. Maduhu alikuwa na kaka aliyeitwa Ngolo, aliyeondoka na msafara wa wapagazi enzi za pembe za ndovu, akiwa kijana wa ndevu za kwanza. Msafara ulirudi bila yeye. Walioulizwa walisema kwanza amekufa njiani, kisha wakasema walimwacha, kisha wakakataa kusema. Mama yake alikaa mlangoni mpaka akafa. Ukoo ukaamua jina lisipotee, na mtoto wa kiume aliyezaliwa baadaye kwa mwana wa Maduhu akapewa jina la aliyepotea.

"Ni mimi," alisema Ngolo. "Mimi nimebeba jina la huyu mzee maisha yangu yote. Na nilikuwa napitisha ng'ombe nyuma ya ukuta huu."

Pelagia alijaribu. "Kwani Ngolo ni mmoja dunia hii? Malale ni mmoja?"

"Ngolo ni wengi. Mwana wa Malale aliyeachwa na msafara akiugua, huyo tulipoteza mmoja." Aliinuka, machozi yakimshuka bila aibu, akamshika Pelagia mabega yote mawili. "Ilumbu lyane," akasema. "Dada yangu. Babu yangu na babu yako ni tumbo moja."

Pelagia alikuwa amepoteza mwene na kupata kaka kwa dakika moja, na uso wake haukujua ushughulike na lipi. Nilimwona akimtafuta Telesphor kwa macho.

"Kweli kabisa," alisema Telesphor, kwa mazoea.

Lakini Ngolo alikuwa bado hajamaliza. Alimgeukia mwanawe, na sauti ikabadilika. "Malale, mwanangu. Shukuru Mungu tumesoma kabla. Huyu ni dada yako. Hatuwezi kuoa damu yetu."

*

Pelagia alikuwa ameomba ndoa isifanyike, na haikufanyika. Nadhani hakuna sala iliyowahi kujibiwa kikamilifu namna ile pale parokiani.

Ngolo alichinja dume. Habari ilipelekwa mpaka Kasekese, ambako walikuwako ndugu zake wengine, na ndugu wakaja, na ndugu wa ndugu, kwa baiskeli na kwa miguu, kumwona mjukuu wa Ngolo aliyepotea. Waliingia uani kwa Pelagia bila kubisha hodi kama wanavyoingia kwa mtu wao. Walimketisha kwenye ngozi, wakamletea maziwa kwenye kibuyu, wakamwita shangazi na bibi na mama mdogo, kila mmoja kwa nafasi yake. Watoto wachunga ng'ombe, ambao zamani walimkimbia, sasa walikatiza kwenye mpunga wake wakimsalimia kwa furaha. Alipowafokea walijibu, "Shikamoo shangazi," wakapita.

Kanisani benchi la mbele lilikuwa lilelile. Lakini Jumapili moja alipomwambia mama mmoja aliyehamia kutoka Katumba kwamba wageni wakae nyuma, mama yule aliuliza kwa unyenyekevu mkubwa, "Mgeni ni yule aliyetoka wapi, mama? Nisije nikakosea." Pelagia alichukua kitabu cha nyimbo, akakifungua kichwa chini.

Haya yote angeyavumilia. Alikuwa mwanamke wa nguvu. Kilichomshinda ni Goreth.

Goreth hakulia. Alikunja vitambaa, akafunika cherehani kwa shuka, akaacha kukaa barazani. Malale aliacha mafundisho ya ubatizo. Katekista alimfuata, kijana akamjibu kwamba sakramenti aliyokuwa anaisomea imefungwa. Kisha ikasikika kwamba anauza plau yake ahamie Mwese, milimani kule, mahali ambapo hakuna mtu anayemjua.

Jioni moja Pelagia alimkuta bintiye jikoni akichambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa.

"Mwanangu, kula."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Goreth aliweka ungo chini. "Mama, niulize kitu. Ulinikatalia kwa sababu wao ni wageni. Sasa nimekataliwa kwa sababu ni ndugu. Kesho watakuwa nini, ili nijiandae?"

Pelagia aliokota ungo, akautundika ukutani. Alikwenda kulala bila kusali, au labda alisali kwa namna ambayo haina maneno. Sijui. Alichosema mwenyewe baadaye ni kwamba aliona aibu kwa sababu moyoni, chini kabisa, siku ile makaburini Ngolo aliposema hawawezi kuoana, yeye alikuwa amefarijika.

*

Asubuhi, kabla wachotaji maji hawajajaa, alikwenda kwa bibi Tereza. Goreth alimfuata nyuma, maana hakupenda mama yake atembee peke yake akiwa na uso ule.

"Bibi," Pelagia alisema, "wewe uliishi na wale wazee. Lile jiwe linasema kweli?"

Tereza alicheka mpaka akakohoa. "Jiwe linasema kweli. Kosa lenu mmesoma moja. Mtu ana babu tu, hana bibi?"

"Bibi Marsela hana jiwe. Kaburi lake ni nyasi tu."

"Lilikuwa nalo. Likaanguka. Mwaka tulipochimbiwa kisima kina mama walitafuta jiwe bapa la kufulia, wakalibeba lile, wakaona halina mwenyewe. Nilibishana nao nikashindwa. Nikawaambia basi walilaze kifudifudi, jina lisichubuliwe na sabuni."

Pelagia alisimama pale pale. Jiwe la kufulia kisimani alilijua kuliko alivyojua kiganja chake. Alikuwa amelifulia nguo za mumewe, nepi za watoto wote watatu, na juzi tu alikuwa amelipigia kitenge cha Pasaka.

Walishuka kisimani wote watatu, Tereza akining'inia kwenye mkono wa Goreth. Goreth na mama yake waliingiza mti chini ya jiwe, wakasukuma, likapinduka na kuacha shimo lenye minyoo. Goreth akaosha tope. Herufi zilikuwa safi kama zimechongwa jana, kwa kuwa hakuna jua wala mvua iliyozifikia.

MARSELA
MKE WA BENEDIKTO
HAKUZAA
ALILEA KUMI NA WATATU

Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye matete. Pelagia alisoma, akasoma tena, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba yangu je?"

"Eustace alikuwa wa nne," Tereza akajibu. "Mimi wa kumi na mbili. Tuliletwa na mapadre, wengine tulijileta na njaa, wengine waliokotwa kwenye njia za misafara. Marsela hakuuliza mtoto katoka wapi. Aliuliza kama amekula."

"Alitoka wapi baba?"

"Nani ajue? Alikuja hajui kusema. Alipokua, akaoa, akawapata nyie, akaona watoto wengine wana mababu. Akawapa na nyie babu. Akamwongezea na mwene kidogo, kwa ladha."

"Na wewe miaka yote hii unanisikiliza!"

"Ulikuwa unasimulia vizuri," alisema Tereza.

Goreth alikuwa ameelewa tayari. Mkono wake ulikuwa mdomoni na macho yanang'aa. Alimtazama mama yake, na mama yake alikuwa anatazama jiwe. Wachotaji maji walianza kusikika juu ya kilima, ndoo zikigongana. Kulikuwa na muda wa kutosha kulipindua tena. Likipinduliwa, Pelagia angebaki mjukuu wa Benedikto, Msukuma sawa, lakini katekista wa kwanza, mwenye jiwe mstari wa mbele, na ndugu wanaomketisha kwenye ngozi. Likibaki lilivyo, hakuwa mjukuu wa mtu.

"Nisaidie kusimama," alimwambia Goreth. "Twende kwa Ngolo. Jiwe liacheni hivyo hivyo, wasome."

*

Kwa Ngolo walikuta wanakamua. Telesphor alikuwa ameshaitwa, akaja mbio, na njiani alikuwa amepata hoja. "Dada, hii haithibitishi kitu. Labda Marsela hakuzaa, lakini Benedikto alimpata Eustace kwa mwanamke mwingine."

"Unataka kusema katekista wa kwanza alikuwa na hawara?"

Telesphor alifikiri. "Sitaki kusema hivyo," alikubali.

Ngolo alisikiliza yote akiwa ameshika kibuyu. Pelagia alieleza bila kupamba, jambo ambalo lilimpa taabu, maana hakuwa na mazoea. Alimaliza: "Kwa hiyo mimi si dada yako. Baba yangu aliokotwa. Sijui kabila langu, sijui ukoo wangu. Sina kaburi la kukuonyesha zaidi ya la baba, nalo msalaba wake umeliwa na mchwa. Watoto hawa si damu moja. Nimekuja kukuomba uje kuniomba tena."

Alitegemea Ngolo afurahi. Ngolo alihuzunika.

"Unaninyang'anya mzee wangu," alisema. "Tumemtafuta miaka mia. Nimempata ana watoto, ana wajukuu, nimechinja dume, nimewaambia watu wa Kasekese. Sasa unasema alikufa bila mtu?"

"Sikusema mimi. Jiwe limesema."

"Kwetu mtoto ni wa aliyemlea, mayu. Eustace alikula chungu cha Ngolo, alivaa jina la Ngolo. Ni mwanawe. Na wewe ni dada yangu."

"Damu ni damu!" Pelagia aliwaka. "Kulea ni kulea! Mimi ni mtu wa kuja, nakwambia!"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mashahidi tupo: Pelagia, aliyetutenga sote kwa makaburi yetu, alisimama kwenye zizi la Msukuma akipigania kwa nguvu zake zote kuwa hana kwao, na Ngolo, mtu wa kuhamahama, akimsihi akubali kuwa ana ukoo. Kila mmoja alikuwa amesimama mahali pa mwenzake pa mwezi uliopita. Malale na Goreth walikuwa wamesogeleana karibu na lango, wakitazama wazee wao wanavyorushiana ujamaa.

Minza, mkewe Ngolo, alikuwa bado anakamua. Hakuwa amesema neno tangu siku ya kwanza ya uchumba. Aliinuka, akaweka ndoo mahali ambapo ndama hawezi kuifikia, akajifuta mikono.

"Baba Malale," alisema, "wewe unataka nini? Undugu na huyu mama?"

"Ndiyo."

"Na wewe mama Goreth unataka harusi?"

"Ndiyo."

"Waozeni watoto. Wakizaa, mtoto atakuwa wa kwenu wote, na hakuna mtu atakayehitaji jembe kuja kumfukua." Akachukua ndoo yake. "Maziwa yanapoa."

Ngolo aliweka kibuyu chini. Kisha akamwambia Pelagia, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo ambao amezoea uzito wake, "Basi, mayu. Mpaka harusi ipite, wewe ni mgeni."

"Asante," alisema Pelagia. Alisema kwa moyo kabisa.

*

Malale alibatizwa na wakafunga ndoa baada ya Krismasi, mvua ikinyesha. Ngolo alilirudisha jiwe la Marsela makaburini kwa mkokoteni wa ng'ombe, na kwa kuwa kina mama walinung'unika watafulia wapi, akawaletea jiwe jingine kutoka mlimani, ambalo walilipindua kwanza pande zote mbili kabla ya kulitumia.

Mwaka uliofuata Pelagia aliamua kumjengea baba yake kaburi la saruji badala ya ule msalaba wa mchwa. Telesphor alitaka iandikwe "mjukuu wa mwene", akaambiwa aache. Fundi alipouliza basi aandike nini, saruji ikiwa inaanza kukauka, Pelagia alichukua msumari mkononi mwa fundi na kuandika mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka: EUSTACE, MWANA WA MARSELA NA BENEDIKTO NGOLO.

Ngolo alikuwa amesimama nyuma yake, akisoma polepole. Alianza kutabasamu, halafu akashtuka, akahesabu vidoleni nani ni nani, akatazama upande aliko Goreth na tumbo lake la miezi sita.

"Mayu," alinong'ona, "ukiandika hivyo, si wale watoto wanakuwa..."

"Padre alishafungisha," alisema Pelagia, akiendelea kuchora. "Wewe nipe maji, saruji inakauka."

Ngolo akaenda kuchota maji.